Tisa Iliyogeuzwa Nane

Habari za kifo chake zilinikuta kwa kinyozi, hapa mjini Eldoret, povu likiwa bado shavuni. Mtu mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake alimwambia mwenzake kwamba yule mzee wa mawingu, yule wa kule Moi's Bridge, amefariki juzi hospitalini Plateau kwa maradhi ya kifua, na kwamba Ijumaa kutakuwa na ibada nyumbani kwake kabla mwili haujasafirishwa kwao, upande wa ziwa. Mwenzake akauliza, "Mzee gani huyo?" Akajibiwa, "Si yule wa Mawingu ya Uongo. Yule alidanganya watu wakapanda mahindi kwa vumbi." Wakacheka kidogo, kama watu wanavyocheka wakikumbuka kisa cha zamani, kisha wakaingia mambo ya mpira. Mimi sikucheka. Jina hilo la Mawingu ya Uongo nililitunga mimi. Nililiandika katika gazeti hili hili, miaka kadhaa iliyopita, na siku hiyo nilijiona mjanja sana. Mnaoifuata safu hii kwa ajili ya mizaha yake mnisamehe. Leo nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Marehemu alikuja nyanda hizi akiwa kijana, akaajiriwa katika shamba la ngano na mahindi la mzungu mmoja aliyependa kupima hali ya hewa kuliko alivyopenda watu. Mzungu huyo alikuwa na kiwanja kidogo kilichozungushiwa waya, na ndani yake chombo cha kupimia mvua, kisanduku cheupe chenye miguu kilichohifadhi vipimajoto, na tufe la kioo lililokusanya miale ya jua na kuunguza alama kwenye kadi, ili ijulikane jua limewaka kwa muda gani. Alimfundisha kijana wake kusoma vyombo hivyo kila asubuhi, na kijana akajua kazi kumpita mwalimu. Uhuru ulipofika mzungu aliuza shamba akaenda zake. Lilinunuliwa na kampuni ya watu waliotoka Mkoa wa Kati, wengi wao wakulima na wenye maduka madogo waliochangishana hisa kwa miaka. Idara ya hali ya hewa ikakichukua kile kiwanja cha waya, ikamchukua na mtu wake. Hivyo akabaki pale pale, katikati ya shamba lililokuwa likikatwakatwa, mtumishi wa serikali mwenye baiskeli, daftari na kofia ya kaki.

Nilimfahamu wakati picha za satelaiti zilipoanza kupokelewa katika mji mkuu. Mhariri wangu alitaka habari nyepesi juu ya ajabu hiyo, nikaambiwa kuna mzee karibu na Moi's Bridge ambaye wataalamu wamempa kazi nayo. Nilimkuta amesimama uwanjani, ameelekeza kwenye jua kisanduku kidogo cha mkononi, akisoma sindano yake na kuandika. Alinieleza kwamba satelaiti hupita juu asubuhi, na saa hiyo hiyo yeye hupima ni kiasi gani cha mwanga kimemezwa njiani na vumbi, mvuke au moshi. Wataalamu walitaka kuijua hewa iliyo juu ya nchi yetu, namna inavyoleta mvua na kuinyima, na namna misitu na nyasi zinavyoishi nayo. Nikamwuliza swali la kijinga, kwamba ikiwa satelaiti inaona kila kitu, yeye ana kazi gani. Hakukasirika. "Hiyo jicho iko juu sana, ndugu yangu," alisema. "Inaona kitu nyeupe. Sasa, nyeupe ni nini? Inaweza kuwa wingu, inaweza kuwa ukungu, inaweza kuwa kitu ingine. Lazima mtu akuwe hapa chini ya kuambia yeye ni nini."

Kisha akanilaza chali kwenye majani. Naam, nikiwa na tai shingoni. Akaniambia nigawe anga kwa mawazo yangu mafungu manane, halafu nimwambie mawingu yanajaza mafungu mangapi. Nikatazama, nikasema manne. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Ni mbili! Wewe unahesabu hata yenye unatamani." Alisema kila mtu mgeni huongeza, na wakulima ndio huongeza kuliko wote, kwa sababu macho yao yanataka mvua. Anga tupu ni sifuri na anga lililofunikwa lote kwa mawingu ni nane. Nikamtania kwamba basi siku ya gharika ataandika tisa. Hapo alinitazama kama mwalimu anayepima kama mwanafunzi anafaa kuambiwa. "Tisa iko," alisema. "Lakini hiyo si mawingu mingi. Tisa ni kusema anga imezibwa, mimi siwezi kuiona. Ukiandika tisa, unakubali hujui iko nini huko juu. Halafu unaandika ni nini imeziba." Nilipenda maelezo hayo, nikayaandika katika kijitabu changu, kisha katika habari yangu sikuyatia. Niliona hayana ladha kwa msomaji.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kampuni ile ya mashamba iliamua kugawa ardhi kwa kura, na kamati ikatoa amri: kila mwenye hisa lazima awe amesafisha kipande chake kabla mpimaji hajafika na mnyororo wake, na asiyesafisha kipande chake kitaingizwa kwenye kura ya wengine. Mnaelewa maana ya amri kama hiyo kwa mtu aliyengoja ardhi maisha yake yote. Ulikuwa mwisho wa kiangazi, majani yamekauka kabisa, mabua ya mzungu yamejaa mashambani, na vichaka na miti ya kandokando ya mto ilikuwa haijaguswa tangu zamani. Watu wote walitia moto ndani ya siku zile zile. Mashamba ya jirani, yaliyonunuliwa na kampuni nyingine kwa mtindo huo huo, nayo yakawashwa. Hapakuwa na upepo wa kutosha. Moshi ukapanda, ukatanda, ukakaa. Kwa juma zima jua lilikuwa kama sahani ya shaba, na mtu alilitazama bila kufumba macho. Mama mmoja mwenye duka pale Moi's Bridge aliniambia baadaye kwamba alikuwa akipangusa mizani yake asubuhi na mchana, na bado masizi yalibaki.

Kila asubuhi katika juma hilo marehemu alipanda baiskeli mpaka posta, akatuma simu ya maandishi kwenda mji mkuu, kama karani wa zamani wa posta alivyonieleza juma hili. Alituma tisa. Na baada ya tarakimu zake zote, kinyume cha desturi, aliongeza neno moja kwa herufi kubwa: MOSHI. Lakini huko ofisini kulikuwa na picha mpya iliyoshuka kutoka satelaiti, na katika picha hiyo nyanda zetu zilikuwa na weupe uliotanda vizuri. Ofisa mmoja kijana, aliyerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo, aliuona weupe huo akasema mvua za masika zimefika mapema. Redio ikatangaza. Wakulima wetu walikuwa wageni wa nchi hii. Walikotoka, masika huanza kabla ya hapa. Walisikia redio ikisema kile walichokuwa wakikitamani, wakafungua magunia ya mbegu za haibridi, wakapanda. Marehemu alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaambia wangoje. Yule mama mwenye duka anakumbuka mume wake alivyomjibu pale mlangoni: "Mzee, serikali imetazama kutoka juu kabisa, na wewe unatazama kutoka baiskeli. Tuamini nani?" Mvua haikunyesha juma hilo, wala lililofuata, wala lililofuata hilo. Mbegu ziliokotwa na kuchakuro na kwale, nyingine zikachipuka kwa umande zikafa. Masika yenyewe yalipofika, watu wengi hawakuwa na mbegu ya kupanda tena. Mwaka wao wa kwanza wa kumiliki ardhi, mwaka waliouota tangu utotoni, walikula mahindi ya kununua.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilikwenda Moi's Bridge kukusanya habari, nikawakuta watu wana uchungu na wanamtafuta wa kumlaumu. Hakuna hata mmoja aliyemfahamu yule ofisa wa mji mkuu. Waliyemfahamu ni mzee mwenye kisanduku cheupe, na kwa fikira zao habari ya redio ilitoka katika kisanduku hicho. Mjumbe mmoja wa kamati aliniambia, "Huyu mzee ndiye hutuma habari ya hapa. Kama hakutuma yeye, nani alituma?" Niliona hoja hiyo ina nguvu. Sikwenda posta kuuliza. Sikumwendea marehemu mwenyewe, ingawa kiwanja chake kilikuwa mwendo wa dakika kumi. Nilirudi mjini nikaandika makala ya kuchekesha juu ya mzee anayehesabu mawingu akiwa amelala chali, na kichwa chake nikakiita "Mawingu ya Uongo". Watu walinisimamisha barabarani kunipongeza. Na niwaambie jambo moja ambalo sijapata kulisema: juma lile la moto nilikuwa nimepita Moi's Bridge katika safari zangu, na nilikuwa nikipita na leso puani, macho yananitoka machozi. Nililia kwa moshi nikaandika mawingu. Hakuna satelaiti iliyonidanganya. Pua yangu ilijua.

Siku tatu baada ya makala kutoka, alikuja ofisini kwangu. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, amekumbatia daftari la kazi lililofungwa kwa gazeti ili lisichafuke. Alikaa ukingoni mwa kiti. Alisema, "Ndugu yangu, mimi sikukuja kugombana. Nimeleta kitabu. Wewe soma tu." Nilikuwa na habari ya mkutano wa wanasiasa ya kumaliza kabla ya saa kumi. Nilimwambia aniachie, akasema hawezi kuliacha kwa sababu ni mali ya serikali na kesho asubuhi atalihitaji. Nilimwambia basi aje juma lijalo. Hakuja, na mimi sikumtafuta. Ilikuwa kazi ya kufunua kurasa saba. Nimefanya kazi hii ya uandishi miaka mingi na ninajua udhuru wote tunaoutoa, wa muda na wa mhariri na wa mtambo unaongoja. Wote ni takataka. Sikutaka kufungua lile daftari kwa sababu makala ilikuwa imependwa.

Yaliyofuata yalikuwa mepesi. Kamati ya kampuni iliomba kiwanja cha waya kiondolewe, kwa kuwa hakina faida na kinakula ardhi ya wanachama. Idara haikubisha. Waliandika kwamba kituo hakiaminiki, na kwamba siku hizi picha za kutoka juu zinatosha. Vyombo vilipakiwa kwenye lori, kiwanja kikalimwa. Marehemu aliletwa hapa Eldoret kutunza majalada katika ofisi isiyo na dirisha la kuonyesha anga, akafanya hivyo mpaka alipostaafu. Na jina nililompa likamfuata. Waliliita sokoni, waliliita kanisani kwa utani wa upole, ambao ndio utani mbaya kuliko wote kwa sababu huwezi kuukasirikia. Nilikutana naye mara mbili tatu barabarani. Alinisalimu kwa heshima, akauliza habari za watoto.

Ijumaa nilikwenda kwenye ibada. Nilikaa nyuma. Watu walikuwa wengi, wa ziwa na wa Mkoa wa Kati na wenyeji pia, maana ukiacha jambo hilo moja hakuna aliyekuwa na neno baya juu yake. Baada ya mhubiri, alisimama bwana mkubwa aliyekuja na gari lake kutoka mtaa wa Elgon View, ambako anaishi katika nyumba iliyoachwa na mzungu mwingine. Sasa yeye ni mkuu katika mambo hayo ya hali ya hewa na ametumwa kuwakilisha ofisi. Alisema maneno mazuri juu ya utumishi wa muda mrefu. Kisha akataka kuwachangamsha waombolezaji. "Mzee huyu alikuwa mkaidi!" alisema, akitabasamu. "Mimi nilikuwa kijana pale ofisini. Kuna wakati alinitumia tisa wiki nzima. Tisa, tisa, kila asubuhi! Na mimi niko na picha ya satelaiti hapa mbele yangu, inaonyesha mawingu safi kabisa. Basi kila asubuhi nachukua kalamu, nafuta tisa ya mzee, naweka nane, kazi inaendelea." Akacheka. Watu wakacheka pamoja naye kwa adabu, kwa kuwa hawakujua tisa ni nini. Uwanjani pale tulikuwa watu wawili tu tuliojua, yeye na mimi, na yeye hata sasa haelewi alichokuwa akikisimulia. Anakikumbuka kama kichekesho.

Nilitaka kupiga kelele. Sikupiga. Nimekuwa na siku tano za kuifikiria hasira hiyo, na ningependa niiseme vizuri. Sina ugomvi na satelaiti. Ni chombo kizuri, na naamini siku moja kitatuonyesha misitu yetu inavyokwisha na mito yetu inavyokonda, kama tutakubali kutazama. Hata picha ile ya juma lile haikusema uongo. Ilionyesha weupe, na weupe ulikuwapo. Ilikuwa picha ya miti yetu ya mtoni na majani yetu yakipaa hewani, na mwenye akili angeisoma akatuuliza tunaifanyia nini nchi tuliyoipata juzi. Hasira yangu ni juu ya sisi tulioitazama. Tumetoka kwenye utawala wa watu waliotuambia kwamba aliye mbali na aliye juu anajua, na aliye chini na karibu ni wa kutumwa. Tukapata bendera yetu, tukapata mashamba yetu, tukabaki na imani ile ile. Mtu mweusi aliyesomea ng'ambo akamfutia mtu mweusi mwenzake tarakimu kwa sababu imetoka kwa mpanda baiskeli. Wakulima walioiwasha mioto kwa viberiti vyao wenyewe, wanaokohoa, waliambiwa na redio kwamba yale ni mawingu, wakakubali. Mwandishi mwenye machozi ya moshi akaandika habari ya mawingu. Katika kundi letu zima, mtu aliyekuwa tayari kukiri kwamba haoni anga alikuwa mmoja, na huyo ndiye tuliyempa jina la mwongo.

Ibada ilipokwisha nilimwendea mjane wake kumpa pole. Alinitambua kabla sijajitaja. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, na hakuutoa mkono wake haraka. "Ni wewe uliandika ile," alisema. Nikasema ndiyo, Mama. "Ile gazeti bado inatoka?" Nikasema inatoka. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba msamaha, marefu, yaliyopangwa vizuri, lakini alinizuia kwa kutikisa kichwa. "Mimi usiniambie. Mimi nilijua. Hata yeye alijua. Andika huko kwenye uliandika ile ingine, wale walisoma wasome." Halafu akawageukia jamaa zake waliokuwa wakipandisha jeneza kwenye gari la kwenda ziwani.

Kwa hiyo naandika. Katika juma lile la moto, juu ya Moi's Bridge hapakuwa na mawingu ya mvua. Palikuwa na moshi, na sisi ndio tuliouwasha. Mtumishi wa kituo alituma habari ya kweli kila asubuhi bila kukosa, ikabadilishwa ofisini na mtu ambaye hakuwa hapa, na mimi niliyekuwa hapa nikamtangaza mkweli kuwa mwongo bila kumwuliza neno. Makala yangu ilikuwa ya uongo kuanzia kichwa chake. Na wewe msomaji uliyelichukua jina lile kwangu ukalitumia dukani, kilabuni au kanisani, usilitumie tena. Ukilisikia, mkatize anayelitaja, umwambie aliyelitunga amekiri kwamba ni lake mwenyewe. Mimi nimejifunza mambo mawili, na yote nimejifunza nikiwa nimechelewa. Mtu anapotuambia hajui, tumsikilize kwa makini kuliko yule anayejua kila kitu. Na mtu anapokuletea daftari, akakaa ukingoni mwa kiti na kukuomba usome tu, acha unachokifanya usome, kwa maana hatarudi juma lijalo.